Wavu Upande wa Migomba

Siku ya soko, Elkanah aliingia dukani akiwa bado na kofia ya kiwandani na tope la Navakholo hadi magotini, akasema anataka wavu ambao mwizi akiuona tu atakumbuka kwamba ana watoto nyumbani.

Namalwa alikuwa akimpimia mzee mmoja misumari ya mabati. Aliendelea kupima. Yeye ndiye aliyeuza katika hadiwea ile, kati ya kinu cha kusaga mahindi na kanisa, na kaka ni kaka lakini foleni ni foleni. Mzee alipoondoka na karatasi yake ya misumari ndipo Namalwa akapangusa kaunta kwa kiganja, akamtazama Elkanah.

"Chenilinki imekushinda?"

"Chenilinki!" Elkanah alisema, akaguna kama mtu aliyeonyeshwa picha ya adui yake. Wezi walikuwa wameifungua Jumapili mchana kweupe, watu wakiimba kanisani. Walikata uzi mmoja juu, wakauzungusha na kuuvuta, na ua mzima ukafumuka kama sweta. Ng'ombe wa gredi akatoka mwenyewe, bila haraka, jirani akamwona akitembezwa barabarani akadhani anapelekwa kwa daktari.

Namalwa alikwenda nyuma ya duka akarudi na vipande viwili vya wavu wa chuma, akavilaza kaunta.

"Hii imechomelewa," alisema. "Inapendeza, imenyooka. Lakini mahali waya zinapokutana zimebandikwa tu. Mtu akipiga nyundo hapo hapo, inaachia. Asipopiga yeye, kutu itapiga."

"Na hii?"

"Hii imesukwa. Kila waya umekunjwa kwanza mahali utakapokutana na mwenzake, ndipo ukapitishwa juu ya huu, chini ya huu. Hakuna gundi, hakuna moto. Zinashikana zenyewe. Ukikata mmoja, wale wengine hata hawana habari."

Elkanah alilipenda neno hilo. Alilirudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akauliza unene, Namalwa akamwonyesha uzi mnene kama kalamu, uliopakwa zinki ukang'aa. Akauliza mashimo. Namalwa akamweleza kwamba shimo huchaguliwa kwa kile unachotaka kipite na kile unachotaka kibaki. Mwenye machimbo anataka mchanga upite kokoto ibaki. Mwenye kuku anataka upepo upite kicheche abaki.

"Mimi nataka kidole kipite, mkono usipite," Elkanah alisema. "Mwizi asiingize hata koleo."

Namalwa akajaribu kwa mkono wake mwenyewe. Vidole viliingia, vifundo vikakataa. Akasukuma mpaka ngozi ikachubuka kidogo, akaridhika. Akamchagulia huo, akapiga simu Kakamega ili majora yaletwe na pikapu, na akasisitiza waangalie zinki isiwe imebabuka kwenye kingo. Alichagua kwa moyo wote, kwa sababu ua ulikuwa wa kwao, boma la baba yao, na mtu hachagui vibaya kwa nyumba anayolala.

Jioni hiyo aliporudi alimkuta Sellah uani akiosha vyombo, kama kawaida.

Sellah alikuwa dada yao, na alikuwa amekufa mwaka uliopita wakati wa kupalilia mahindi. Alirudi kutoka Lumakanda alikoolewa, na mfuko mmoja na kikohozi, na kikohozi ndicho kilichoshinda. Wakamzika nyuma ya jiko, kwenye migomba ya mpakani, kwa sababu katika ukoo ule binti aliyerudi hazikwi mbele ya nyumba pamoja na kina baba. Jeneza lenyewe halikupita langoni. Lilizungushwa nyuma, watu wakaimba, wakanywa chai, wakaenda zao. Nyasi za kaburini hazijashika vizuri, Sellah akaanza kuja jioni kuosha vyombo.

Hakuna aliyeona ajabu. Marehemu wa watu wengine wana maudhi: wanadai mbuzi, wanawaliza watoto wachanga mpaka wapewe majina yao. Sellah aliosha tu. Alipiga magoti kwenye beseni, akasugua sufuria kwa jivu mpaka zikang'aa, na tuseme ukweli, alipokuwa hai sufuria hazikuwa kipaji chake. Akimaliza alizipanga kwenye kichanja, akajipangusa mikono kwa leso, akarudi migombani. Hakula. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. "Sabuni inaisha," alisema siku moja, na mama yao, Mama Rachael, akanunua sabuni.

Namalwa alizoea kukaa naye kwenye kigoda wakati ule, akimenya ndizi au akichambua mrenda, wakinyamaza pamoja. Yeye pia alikuwa amerudi. Ndoa yake ya Mayoni ilikuwa imeisha, akaja na binti yake Abigail, ambaye sasa alikuwa shule ya bweni, wakapewa nyumba ndogo kando ya mparachichi. Wahenga walisema ng'ombe avunjikapo guu hukimbilia zizini. Hawakusema akifika atakuta zizi limefungwa kwa kitu gani.

Majora yalikuja. Protus, fundi wa ua, akaja Ijumaa na kamba na vigingi, akapima, akapigilia. Namalwa aliporudi kutoka dukani akaona kamba imepita sambamba na ukuta wa jiko, nyuma yake, imenyooka kama mstari wa daftari. Upande huu jiko, kichanja cha vyombo, banda la ng'ombe. Upande ule migomba na Sellah.

Alimkuta Elkanah kibarazani akivua gambuti.

"Elkanah, kamba imekosea."

"Haijakosea."

"Imemwacha Sellah nje."

Elkanah akavuta gambuti la pili, likatoka na soksi. Hakuwa mtu mbaya. Lazima isemwe, maana watu hupenda mambo kama haya yafanywe na watu wabaya. Yeye ndiye aliyembeba Sellah mgongoni kumpeleka zahanati, mvua ikinyesha, na aliporudi alilia hadharani kama mtoto.

"Yaya," alisema, kama alivyomwita dada yake tangu utoto, "Sellah tunampenda. Nani hapa hampendi? Lakini kaburi ni kama hati ya shamba. Leo nikilizungushia ua, kesho watoto wake wanatoka Lumakanda wanasema mama yetu yuko ndani, tupimieni kipande. Utawaambia nini?"

"Nitawaambia wapime."

"Ndiyo maana hatukukuuliza."

Namalwa akasimama hapo. Kuku walikuwa wakipanda mtini kulala.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe uko hai."

"Nikifa?"

"Aii, Namalwa! Haraka ya nini?" Elkanah akacheka, akaingia ndani kutafuta kandambili.

Tangu saa hiyo Namalwa hakuweza kukaa. Hakukuwa na ugonjwa. Akikikaribia kigoda, miguu ilimwinua yenyewe. Alikula obusuma, ugali wa kwao, akiwa amesimama, bakuli mkononi, akizunguka meza. Kanisani alisimama nyuma na kina mama wenye vichanga, akitikisika kama aliyebeba mtoto. Mwenye bodaboda aliyempelekaga sokoni alimpoteza kama mteja, kwa maana bodaboda ni lazima ukae, kwa hiyo akawa anatembea, kwenda na kurudi, kwenye vumbi la maramu na malori ya miwa. Wateja waliomkuta dukani akipiga hatua nyuma ya kaunta walidhani ana mazoezi aliyoandikiwa na daktari.

Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya kufa. Kila mtu atakufa. Alihofia kulala nje.

Alimwendea mama yake shambani. Mama Rachael alikuwa ameinama akichuma majani ya kunde, na hakuinuka.

"Mama, sema neno. Wewe watakusikia."

"Mimi nilikuja hapa nimeolewa, mama. Boma ni la wanaume. Hata mimi nitawekwa ndani kwa sababu ya baba yenu tu."

"Na mtoto wako?"

Mama Rachael akavunja shina la kunde, akalitazama, akalitupa.

"Nitamwona jioni," alisema.

Elkanah alimpigia simu baba mdogo aliye mkubwa wa ukoo, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Baba mdogo alikohoa, akauliza hali ya mvua, akasema hivyo ndivyo tunafanyanga, sisi hatuzungushii msichana ua, na kwamba kama angekuwapo mwenye neno la kupinga angelisema. Wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Sellah alikuwapo, hatua chache kutoka kwenye simu, akisugua karai. Hakuna aliyemuuliza.

Jumapili baada ya ibada, Namalwa aling'oa vigingi. Alivua viatu vya kanisani, akakunja gauni, akavihamisha kimoja kimoja mpaka kamba ikaizunguka migomba yote na kaburi lake, ikarudi. Ilikuwa mipinde mizuri. Akasimama akaitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akawa karibu aketi kwenye nyasi.

Jumatatu alfajiri Protus akavirudisha.

"Mama Abigail," alisema, bila hasira, "ingekuwa mimi ningepinda. Waya huu unapindika bila taabu, hautanisumbua hata kidogo. Lakini mwenye boma ameonyesha hapa."

"Mimi si mwenye boma?"

Protus alikuwa na adabu. Aliinama akajifanya anatafuta timazi.

Basi Namalwa akaingia kwenye shimo la nguzo, lile la katikati nyuma ya jiko, akasimama humo hadi mapajani. Protus akaomba chai, akaletewa, akanywa taratibu akimngoja. Wakaongea habari za bei ya mbolea. Kisha saa ya kufungua duka ikafika, na duka lisingejifungua lenyewe, Namalwa akapanda kutoka shimoni akajipangusa udongo akaenda. Aliporudi simiti ilikuwa imemwagwa, na kabla ya juma kuisha wavu ulikuwa umevutwa, umefungwa kwenye nguzo kwa bolti, umekaza. Ilikuwa kazi safi. Ukiupiga kofi ulitoa mlio mmoja mrefu uliokimbia hadi upande wa mparachichi, uliobaki na chenilinki ya zamani iliyoungwa, na kurudi. Lango lilikuwa moja, mbele, la kufuli, na ambaye jeneza lake halikupita hapo naye hapiti. Nyuma hakukuwa na lango.

Jioni Sellah akaja kutoka migombani, akafika kwenye wavu, akasimama.

Watu husema mfu hupita ukutani. Labda wafu wa kwao. Sellah aliweka viganja juu ya waya, akasukuma, vidole vikaingia hadi vifundoni, hapo hapo alipopima Namalwa. Akajaribu juu kidogo. Akajaribu karibu na nguzo. Hakulalamika. Alisimama akivitazama vyombo vyao vichafu kwenye beseni, kama mtu aliyefika kazini akakuta kufuli.

"Woi, mtoto amefungiwa," Mama Rachael alisema, akainua beseni akalipeleka kwenye wavu.

Sahani haikupita. Kikombe hakikupita. Mwiko uliingia mpini ukakwama kichwani. Namalwa, aliyekuwa akizunguka nyuma yao asiweze kutulia, akachukua kijiko, akakiingiza kwa ncha. Kijiko kikapita.

Sellah akakipokea.

Wakampitishia vijiko vyote. Mama Rachael akakata kipande cha sabuni vipande vyembamba kama vibanzi, akavipitisha. Maji wakayamimina kwa jagi, yakapita kwenye waya kama hakuna kitu, Sellah akayakinga kwa jani la mgomba alilolikunja. Akaviosha vijiko, akavirudisha kimoja kimoja, mpini mbele, kwa heshima. Kisha akasimama kidogo, akitazama sufuria ambazo hazikuwa zake tena, akarudi migombani. Sufuria akaziosha Namalwa, akiwa amesimama.

"Mnaona?" Elkanah alisema wakati wa kula, akigeuza kijiko chake kinachong'aa. "Kila jambo lina njia yake."

Hapo Namalwa alitaka kumtupia bakuli. Hakumtupia. Alitoka nje akazunguka boma, mkono ukiburuta kwenye wavu, na vifundo vyake vikatoa mlio kama wa fimbo ya mtoto kwenye mabati, tatata, mpaka ng'ombe aliyebaki akaanza kulia.

Alasiri moja alirudi mapema na msumeno wa chuma kutoka dukani. Elkanah alikuwa zamu, mama alikuwa kwenye kikundi cha akina mama. Akachagua mahali usawa wa kiuno, akaanza kukata. Ndani ya hadiwea ile hakukuwa na mtu aliyejua zaidi yake kwamba waya ule haukatwi na msumeno wa mkono bila kulipiza kisasi, na bado alikata. Wembe wa kwanza wa msumeno ulivunjika. Wa pili ukawa mnyoofu bila meno. Jasho likamwingia machoni.

Wavu ulikuwa ukitikisika, na msumeno ukiteleza. Kisha ukaacha kutikisika. Sellah alikuwa amekuja kabla ya wakati wake, ameushika waya upande wa pili kwa mikono miwili, kuuimarisha.

Wakakata pamoja hivyo, mmoja akivuta na mmoja akishika. Namalwa aliona kucha za dada yake zilivyo safi, safi kwa sababu ya vijiko.

"Kwani wewe watakuweka wapi?" Sellah aliuliza.

Namalwa akaendelea kukata.

Waya ukakatika. Ulitoa sauti ndogo, tiki, ukakaa palepale. Namalwa akavuta ncha, akaipinda, akapachika vidole akatanua. Shimo halikuongezeka hata upana wa punje ya mahindi. Ule wa juu ulishikwa na wa kushoto, wa kushoto ulishikwa na wa chini, na zote zilikuwa zimekunjwa mapema, kwa mashine, kule zilikotengenezwa, mahali hasa pa kushikana. Ili sahani ipite angehitaji nyembe zote za duka na mwezi wa likizo.

"Wacha sasa," Sellah alisema. "Utaumia mkono."

Elkanah alirudi akaikuta alama ile. Aliinama, akaigusa kwa kidole, akaifuata waya kwa waya. Namalwa alisimama akingoja ugomvi. Aliutaka huo ugomvi. Alikuwa ameupanga kichwani njia nzima ya kutoka sokoni siku nyingi, na kila neno lilikuwa mahali pake.

"Ebu ona," Elkanah alisema, na sauti yake ilijaa mapenzi kabisa. "Umekatwa na hauna habari. Namalwa, yaya, umetuchagulia kitu."

Majirani wakaanza kuja kuutazama ua. Walikuja jioni, baada ya kazi za shamba, wakiwa na mikono mgongoni. Waliusukuma, waliutingisha, waliupiga kofi wakasikiliza mlio. Walimwona Sellah upande wa pili na jani lake la maji, wakamsalimu kwa heshima. "Mulembe, Sellah." Naye akaitikia. Kisha wakamgeukia Elkanah wakauliza unene wa waya, na kama zinki ni halisi, na nguzo zimeachana kiasi gani. Elkanah akawajibu, akawaambia waende kwa dadake dukani, waseme ni ule ule.

Wakaenda. Msimu wa kuvuna miwa ulikuwa umeanza, watu walikuwa na mipango. Namalwa aliuza majora kuliko msumari. Aliwauliza wote swali moja, kama muuzaji yeyote mzuri: mnataka nini kipite? Nao wote wakajibu walichofundishwa na Elkanah, kidole kipite, mkono usipite. Alijaribu kuwaambia. Mwenye duka hakuwapo, angeweza kusema lolote. "Mna binti kwenye mpaka?" aliwauliza wengine, na wao wakasema ndiyo, yupo shangazi, au yupo mkubwa wetu aliyerudi kutoka Kitale, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba ameuliza kama wana mteremko. Kisha wakauliza kama pikapu italeta hadi nyumbani.

Kwa hiyo njia aliyotembea jioni ikabadilika. Ukitoka sokoni, boma la kwanza baada ya daraja, mwanamke alisimama nje ya wavu mpya akipokea maharagwe kutoka ndani, moja moja, akiyachambua na kurudisha mazuri. Boma lililofuata, mwingine alikuwa amepenyeza vidole anamsuka msichana mdogo nywele. Msichana ameegemeza kisogo kwenye waya, anasoma kitabu cha shule. Kwa mwalimu mstaafu alikuwako mmoja mzee sana, ambaye hata jina lake hakuna aliyelikumbuka, na huyo hakupewa kitu. Alishika tu wavu. Namalwa aliwasalimu wote, wakamsalimu. Walikuwa wengi. Alikuwa ameishi hapo utoto wake wote, na hakuwahi kujua kwamba ni wengi hivyo. Alilia akitembea, bila kujificha, na wenye bodaboda wakapunguza mwendo wakapita pembeni.

Nyumbani mambo yalitulia. Mama Rachael alinunua vijiko zaidi ili Sellah asikose kazi. Vilikuwa vingi kuliko walaji. Jioni vilipakwa uji makusudi, vikapitishwa.

Namalwa peke yake ndiye hakutulia. Viatu vyake viliisha soli, akanunua vingine.

Miwa ya Elkanah ilipokatwa, alikuja dukani tena. Hakukuwa na foleni. Alisimama mbele ya kaunta akizungusha kofia mikononi, na Namalwa, aliyekuwa akitembea kutoka rafu ya rangi hadi rafu ya makufuli, akajua alichojia kabla hajasema.

"Tumebakiza upande mmoja," Elkanah alisema. "Ule wa mparachichi."

"Nyumba yangu iko pale."

"Ndiyo. Itabaki upande ule kidogo. Protus anasema ni mteremko, ua hauwezi kushuka na kupanda." Akaitazama kofia. "Lango si liko? Utazunguka unapita. Nani atakukataza kupita?"

"Elkanah."

"Namalwa."

"Nitazame."

Akamtazama. Macho yake yalikuwa ya baba yao, na yalikuwa na maji, na hayakubadili kitu.

"Mtu anajua mahali ukoo unapoishia," alisema polepole. "Si mimi niliyeanzisha. Hata mimi nikisema ingia, wataniuliza, na huyu na huyu na huyu? Umewaona njiani. Tutawaweka wapi wote?"

Namalwa alikuwa na maneno yale aliyoyapanga, kila moja mahali pake. Aliyatafuta akayapata, na akaona kwamba Elkanah ameshayasikia yote, tangu Ijumaa ile ya vigingi, na kwamba kusikia hakukumzuia kuvua gambuti.

Akaenda nyuma ya duka. Kisha akarudi akiburuta jora ambalo halikuwa la ule ule. Waya wake ulikuwa mnene zaidi, umekunjwa na kusukwa vilevile, lakini mashimo yalikuwa mapana, ya mraba, ya kuzuilia mawe makubwa machimboni.

"Huu ndio wa kwako," alisema.

"Mbona shimo kubwa hivi?"

"Mwizi hapiti. Kichwa hakiingii, na pasipopita kichwa mtu hapiti. Ng'ombe ndio kabisa."

"Koleo litaingia."

"Litaingia lifanye nini? Waya huu hakuna koleo linaloula. Mimi nimejaribu kwa msumeno waya ule mwembamba, uliona mwenyewe."

Elkanah akakubali kwa kichwa, maana aliona mwenyewe. Namalwa akainua ukingo wa jora ukasimama kati yao, akaingiza mkono. Vidole vikapita, vifundo vikapita, kiganja kikapita na bangili yake, mkono ukaenda hadi kwenye kiwiko na huko ukakwama. Upande wa Elkanah kiganja kilifunguka na kufumba mara kadhaa, kikigusa hewa, kikagusa kifungo cha shati lake, kikarudi.

"Kikombe cha chai kinapita," Namalwa alisema. "Na mkono wa Mama."

Elkanah alifikiri. Nje lori la miwa lilipita na madirisha ya duka yakatetemeka, na wote wawili wakangoja lipite.

"Sawa," alisema. "Wewe ndiye unajua hii kazi."

"Urefu gani?"

"Kutoka nguzo ya jiko, kuzunguka mparachichi, hadi barabarani."

Namalwa akachukua tepu na chaki. Akalaza jora sakafuni, akampa kaka yake ukingo.

"Shika hapo," alisema. "Usiachie, huu ukirudi unakata."

Elkanah akapiga goti akaushika barabara kwa mikono yote miwili, naye Namalwa akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, akiufungua wavu na kupima.